Namba ya Siri ya Kompyuta na Haki ya Mwenye Mali

Miongoni mwa adha ambazo kompyuta imewaletea watu wa zama hizi, hapana inayowafika kwa ghafla kama ile ya mtu kuketi mbele ya mashine aliyoinunua kwa fedha yake, akaandika tarakimu alizozizoea, kisha akajibiwa kwamba PIN aliyoiandika si sahihi, au, lililo zito zaidi, kwamba limetokea jambo fulani na PIN yake haipatikani. Hapo hushikwa na taharuki, huandika tena na tena, huwauliza watoto ni nani aliyegusa, na mwisho huibeba mashine hadi kwa fundi, ambaye katika miji yetu aghalabu ana dawa moja kwa maradhi yote, nayo ni ile iitwayo na mafundi wenyewe kupiga Windows, yaani kufuta kila kilichomo na kuusimika upya mfumo unaoiendesha kompyuta. Mashine hurudi ikiwaka vizuri, PIN ya zamani haiulizwi tena, na hesabu za duka, tasnifu ya chuo, picha za arusi na barua za wakili zimekwenda pasipo marejeo.

Ninaiandika makala hii kuikataa dawa hiyo, na kuikataa zaidi desturi inayoizaa. Naamini kwamba watu wengi wanaofungiwa nje ya kompyuta zao katika nchi zetu hawakufungiwa asubuhi ile waliyokosea tarakimu. Walifungiwa zamani, siku ya ununuzi, pale muuzaji au fundi alipoiandikisha mashine kwa anwani isiyokuwa yao, nao wakatoka dukani wakifurahia mkoba na kipanya walivyopewa kama nyongeza. PIN iliwaficha jambo hilo kwa miezi au miaka, kwa sababu kila walipoiandika ilifungua, na kitu kinachofungua hakimtii mtu shaka.

Ili kadhia hii ifahamike, sharti kwanza vitenganishwe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, PIN ya mashine na nywila ya akaunti. PIN ya namna tuijuayo leo katika kompyuta zenye Windows ilikuja na Windows 10 mwezi Julai 2015, chini ya utaratibu uitwao Windows Hello, na tangu hapo watu wameichukua kuwa ni nywila iliyofupishwa ili mvivu asichoke kuandika. Sivyo ilivyo. Nywila ni siri ya pande mbili, wewe na kampuni ya Microsoft. Huiandika hapa ulipo, nayo husafiri katika intaneti hadi kwenye seva za kampuni ili ithibitishwe kule. PIN haisafiri kwenda popote. Kazi yake ni kuiamuru chipu ndogo iliyomo ndani ya mashine, kwa jina TPM, iutumie ufunguo wa kihisabati inaouhifadhi na ambao hautoki humo kamwe, na ufunguo huo ndio unaotoa ithibati kwamba aliyeketi hapo ana idhini ya kuingia. Ndiyo sababu mwenye kompyuta mbili kwa akaunti moja ana PIN mbili, hata kama amezifananisha tarakimu zake; na ndiyo sababu hapana mtu yeyote katika ofisi za kampuni hiyo aijuaye PIN yako, na kila apigaye simu akidai kwamba anaijua au anahitaji kuithibitisha ni laghai. Ukitaka mfano wa nyumbani, PIN ni ufunguo wa mlango, na akaunti ni hati ya nyumba: aliyepoteza ufunguo lakini hati anayo humwita seremala akabadilisha kitasa, ilhali mwenye ufunguo asiye na hati hukaa kwa amani mpaka siku ya ugomvi.

Tukiacha hilo kidogo, inafaa msomaji ajue kwamba uamuzi wa kuziona tarakimu nne kuwa zatosha haukutoka kwa mabingwa wa kompyuta. Mskochi mmoja, mhandisi James Goodfellow, aliomba hataza mwaka 1966 kwa utaratibu wa kadi iendayo na namba ya siri, na mwaka uliofuata, tarehe 27 Juni 1967, benki ya Barclays ilifungua huko Enfield, kaskazini mwa London, mashine ya kutolea fedha iliyobuniwa na John Shepherd-Barron, Mwingereza mzaliwa wa Bara Hindi. Bwana huyu alikuwa akisimulia kwamba alikusudia namba iwe ya tarakimu sita, maana namba yake ya jeshini aliikumbuka yote, lakini mkewe Caroline alimwambia wakiwa mezani jikoni kwamba yeye hawezi kukumbuka zaidi ya nne. Hivyo kumbukumbu ya bibi mmoja ndani ya nyumba yake ikawa kipimo cha dunia, ikatufikia sisi katika benki, kisha katika simu, M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Windows nayo huridhika na tarakimu nne kwa uchache katika mashine ya mtu binafsi, ingawa kwa hakika huruhusu PIN yenye herufi na alama, ndefu hata kufikia herufi 127, neema ambayo ni wachache sana wanaoijua na wachache zaidi wanaoitumia.

Msomaji makini atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwamba tarakimu nne zinatoa namba 10,000 tu, basi kwa nini mwizi asizijaribu zote usiku mmoja? Jawabu ni kwamba chipu ile huhesabu makosa. Ukikosea mara chache, Windows itakutaka uandike maneno yanayoonekana kama dhihaka, A1B2C3, na wengi hudhani mashine imerukwa na akili, kumbe muradi wake ni kuhakikisha kwamba kibodi inaandika kile unachodhani unaandika, na kwamba mwenye kubonyeza ni mtu mzima mwenye nia na si mtoto anayechezea. Ukiendelea kukosea itakuamuru uizime na kuiwasha upya. Na chini ya hayo yote TPM yenyewe, jinsi Windows inavyoipanga, huvumilia makosa 32 kisha hujifunga, halafu husamehe kosa moja kila baada ya dakika 10 mashine ikiwa inawaka. Kwa hiyo mtu anayeendelea kuandika kwa ghadhabu anajirefushia kifungo chake mwenyewe. Na aiache mashine ikiwaka, chaja imechomekwa, aende akaswali au akale, kisha arudi akiwa ametulia. Katika mashine za zamani zisizo na chipu hiyo, siri huhifadhiwa na programu tupu, na kinga yake ni dhaifu kuliko hiyo niliyoieleza. Wanunuzi wa mitumba walijue hilo.

Mitumba nimeitaja, na sina budi nikae nayo kidogo, kwani sehemu kubwa ya kompyuta zinazouzwa Kariakoo, Nairobi au Mombasa zimekwisha tumika Ulaya au zimepitia Dubai, nazo huja na tabia za huko zilikotoka. Kibodi ya Kijerumani imeibadilisha Y na Z mahali; ya Kifaransa imebadilisha A na Q; na mashine iliyopangwa kwa lugha moja huku vibonye vyake vimechapwa kwa lugha nyingine itaandika herufi tofauti na ile iliyochorwa kwenye kibonye. Mwenye PIN ya tarakimu tupu huenda asiligundue jambo hili mpaka siku atakapoulizwa nywila, ndipo atakapoapa kwamba nywila yake anaijua, na kweli anaijua, ila mashine haiandiki anachobonyeza. Fauka ya hayo kuna kibonye cha Num Lock, ambacho kikizimwa, tarakimu za upande wa kulia wa kibodi haziandiki kitu. Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, bonyeza ile picha ya jicho pembeni mwa kisanduku cha kuandikia uone kilichoandikwa, na itazame alama ya lugha iliyo chini ya kioo upande wa kulia. Fundi mwenye insafu huanza hapo, na aghalabu hamalizi dakika tano.

Kuna taksiri nyingine ambazo kweli ni za mashine. Ule ujumbe kwamba PIN haipatikani hutokea mara nyingi baada ya Windows kujisasisha, au baada ya programu ya ubao mkuu, iitwayo BIOS, kubadilishwa, au ubao wenyewe kutolewa na kuwekwa mwingine, maana ubao mpya una TPM mpya isiyokujua. Wakati mwingine folda iitwayo Ngc, ambamo mfumo huweka mambo ya PIN, huharibika. Tiba ya haya yote ni kuweka PIN mpya, na tiba hiyo haigusi faili hata moja: huchaguliwa njia nyingine ya kuingia kwa kubonyeza maneno yaliyo chini ya kisanduku cha PIN, huandikwa nywila ya akaunti, na ukishaingia unakwenda katika mipangilio, upande wa akaunti, penye chaguo za kuingilia, ukaiondoa PIN ya zamani na kuweka nyingine. Folda ikiwa imeharibika, fundi huifuta hiyo Ngc peke yake, kisha PIN huwekwa upya. Haya ni mambo ya nusu saa, na atakayekutoza gharama ya siku nzima kwa ajili yake, pamoja na kukufutia mali yako, amekudhulumu mara mbili.

Aliyesahau PIN njia yake ni hiyo hiyo kwa mlango mwingine. Chini ya kisanduku pana maneno ya kukiri kwamba umesahau. Ukiyabonyeza, mashine hukutaka nywila ya akaunti, kisha hupeleka tarakimu za uthibitisho kwa simu au kwa baruapepe, na ukizirudisha unaruhusiwa kuchagua PIN mpya. Linalotakiwa ni intaneti, nayo inaweza kuunganishwa papo hapo kabla ya kuingia, kwa picha ya mtandao iliyo pembeni mwa kioo, hata kwa bando la simu yako mwenyewe. Hapa kuna mtego mdogo ambao umewasumbua mafundi wazoefu: katika mashine iliyozeeka, betri ndogo ya ubao mkuu hufa, saa ikarudi nyuma miaka kadhaa, na kompyuta inayoamini kwamba tungali katika mwaka uliopita zamani hukataliwa na seva za intaneti, kwa kuwa vyeti vya usalama vya seva hizo vina tarehe zake. Mwenye mashine huona kwamba intaneti ipo na nywila ni sahihi, na bado anakataliwa. Dawa ni kuirekebisha saa katika BIOS, na kununua betri hiyo ya duara ambayo bei yake ni ndogo.

Mpaka hapa hapana la kumliza mtu. Kilio huanza pale mashine inaposema kwamba tarakimu za uthibitisho zimepelekwa kwenye simu inayoishia na tarakimu mbili fulani, na mwenye mashine akazitazama tarakimu hizo asizitambue. Ni simu ya nani? Akifikiri sana atakumbuka kwamba siku ya ununuzi kijana wa dukani alimwambia asiwe na wasiwasi, kila kitu atamfungulia yeye, na akamfungulia kweli, kwa anwani aliyoibuni pale pale na kwa laini yake mwenyewe, kisha akamwambia chagua tarakimu nne. Mnunuzi alichagua. Tarakimu zile nne ndizo kitu pekee katika mashine yote kilichotoka kwake.

Sikusudii kumpaka matope kijana huyo. Ana wateja kumi wanaosubiri, mnunuzi hana baruapepe au ameisahau, na Windows 11 tangu ilipotoka Oktoba 2021, katika toleo la nyumbani, humtaka mtu awe na intaneti na akaunti ya Microsoft kabla ya kumruhusu apite ukurasa wa mwanzo. Mwaka 2022 sharti hilo likafikishwa hata katika toleo la wataalamu kwa matumizi ya mtu binafsi. Anayefanya biashara hutafuta njia fupi, na njia fupi ni akaunti moja inayofungua mashine kumi. Lakini matokeo ya njia fupi hiyo humwangukia asiyekuwapo wakati inachaguliwa. Mwalimu aliyeko Songea, ambaye kompyuta yake ilinunuliwa Dar es Salaam na shemeji yake kwa kijana ambaye siku hizi haonekani dukani na laini yake imekwisha pewa mtu mwingine, hana wa kumwendea. Akipiga simu kwa kampuni, hana cha kuthibitisha. Akaunti si yake. Na hata yule ambaye akaunti ni yake, lakini simu na baruapepe za uthibitisho zote hazimo tena mikononi mwake, husubirishwa siku 30 taarifa mpya zikubaliwe, muda ambao tarehe ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu haiungoji.

Jambo lililoifanya kadhia hii kuwa nzito kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita ni usimbaji wa diski, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ya ufunguo. Zamani kompyuta ikikataa kufunguka, fundi aliitoa diski akaipachika katika mashine nyingine, au aliiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo wa Linux, akazinakili faili zote kabla ya kufuta. Siku hizi kompyuta nyingi mpya, hasa tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2024, husimba diski kwa BitLocker bila kumuuliza mtu, mara tu akaunti ya Microsoft inapotumika kuianzisha. Na ufunguo wa dharura, wenye tarakimu 48, huwekwa amana ndani ya akaunti hiyo hiyo. Tafakari maana yake. Akaunti ikiwa ya kijana wa dukani, tarakimu 48 zinazoweza kuyaokoa maisha yako yote ya karatasi zimo katika sanduku la kijana wa dukani, pengine pamoja na za wateja wake wengine kumi, na pengine naye amekwisha sahau nywila ya sanduku hilo. Fundi mwingine akija kwa nia njema akaifuta TPM ili kuondoa hitilafu ya PIN, au akaisasisha BIOS, mashine itawaka ikidai tarakimu hizo 48, na bila ya hizo diski ni takataka iliyopangwa vizuri. Microsoft haina nakala nyingine ya kumpa mtu, na hesabu zilizotumika kuisimba diski hazivunjiki kwa rushwa wala kwa dua.

Na yupo anayedhani kwamba kupiga Windows kutamwokolea walau mashine, faili zikiwa zimekwenda. Huenda, na huenda isiwe. Baadhi ya mashine za mtumba zilikuwa mali ya makampuni ya Ulaya na Marekani, zikaandikishwa katika utaratibu wa Microsoft uitwao Autopilot, ambao huitambua mashine kwa alama za ubao wake na si kwa kilichomo katika diski. Zikiuzwa bila ya kufutwa katika daftari hilo, mnunuzi atakapozifuta na kuziunganisha na intaneti zitamkaribisha kwa jina la kampuni asiyoijua na kumtaka aingie kwa anwani ya mfanyakazi wake. Muuzaji huyajua haya, ndiyo maana hukuonyesha mashine ikiwa imekwisha washwa na imekwisha tulia. Mnunuzi mwenye hadhari huomba ifutwe na kuanzishwa upya mbele ya macho yake, ikiwa imeunganishwa na intaneti, na akikataliwa huenda duka la pili.

Kampuni iliyoutengeneza mfumo huu nayo haiwezi kuachwa bila ya neno. Ni haki yake kutafuta njia bora kuliko nywila, na mimi naikubali hoja yake kwamba PIN isiyosafiri ni salama kuliko nywila inayosafiri. Lakini kuna chaguo katika mipangilio, ambalo katika mashine nyingi mpya huja limekwisha washwa, linaloruhusu kuingia kwa Windows Hello peke yake, na kwa kufanya hivyo huiondoa nywila katika ukurasa wa kuingilia. Hivyo siku PIN inapoharibika, mtu mwenye nywila sahihi mkononi hana mahali pa kuiandika ila apitie njia ya kusahau inayotaka intaneti. Kwa aliyeko Redmond, yaliko makao makuu ya kampuni hiyo, ambako intaneti ni kama hewa, hilo ni jambo dogo. Kwa aliyeko Kigoma umeme ukiwa umekatika na bando limekwisha, ni kifungo. Nashauri chaguo hilo lizimwe katika mashine ya nyumbani, mtu abaki na njia mbili za kuingilia. Aidha, mwenye kutumia akaunti ya mashine tu, isiyohusiana na Microsoft, anaweza tangu mwaka 2018 kuweka maswali matatu ya usalama yatakayomruhusu kubadilisha nywila bila ya intaneti yoyote. Na ayajibu kwa majibu anayoyajua yeye, kwani jina la shule ya kwanza mtaa mzima unalijua.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mzigo, na heri mtu aache kompyuta bila ya PIN. Kwa mzee anayeishi peke yake na kutumia mashine kusomea magazeti, sitabishana. Kwa mwingine yeyote, mashine isiyo na kufuli ikiibwa katika basi imetoa kila kitu: barua, picha za vitambulisho, na nywila zilizohifadhiwa ndani yake. Kinyume chake, wapo wanaotumia tarakimu zile zile za M-Pesa au za benki, au mwaka wa kuzaliwa, ili wasisahau. Hao wamefungua milango miwili kwa mkono mmoja, kwa maana kompyuta hufunguliwa mbele za watu, ofisini na darasani, na macho ya watu hayana kazi nyingine. Na kwa nini wasiandike? Tumefundishwa kwa miaka mingi kwamba kuandika siri katika karatasi ni uzembe, na fundisho hilo lilikuwa sahihi kwa karatasi inayobandikwa chini ya kioo cha ofisi. Karatasi iliyomo ndani ya bahasha, ndani ya sanduku la hati za nyumba, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, haiwezi kuibwa na mhalifu wa intaneti wa nchi yoyote. Mimi naona ni akiba bora kuliko kichwa cha mtu.

Zaidi ya hayo, kichwa cha mtu hufa. Hili ni jambo ambalo jamaa hulikumbuka wakati umepita. Baba aliyeandika katika kompyuta madeni yake na anayowadai wengine, mipaka ya shamba, mikataba na wapangaji, na labda wasia wenyewe, akifariki bila ya kumwachia mtu nywila ya akaunti na ile namba ya tarakimu 48, warithi wake watakaa kitako kugawana mali wasiyoweza kuihesabu. Kadhi au hakimu hawezi kuiamuru TPM ifunguke. Familia zetu zina utaratibu wa tangu kale wa kumweka mtu mmoja mwaminifu ajue hati ziko wapi; basi na bahasha hii iwe miongoni mwa hati hizo.

Kwa wauzaji na mafundi nina neno lisilo refu. Anayemfungulia mteja akaunti kwa jina lake mwenyewe anabaki, apende asipende, na mkono ndani ya mali ya mtu: faili zinazojihifadhi mtandaoni humfikia, funguo za diski humfikia, na akiwa na nia mbaya anaweza kuifunga mashine akiwa mbali. Kenya imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na sioni jinsi mwenendo huu unavyoweza kupatana na roho ya sheria hizo. Muuzaji ambaye hana nafasi ya kumsaidia mteja kufungua akaunti yake mwenyewe na aiache mashine katika ukurasa wa mwanzo, aiuze ilivyo. Fundi aliyeletewa mashine iliyokataa PIN na aanze na kibodi, kisha saa, kisha nywila, kisha nakala ya faili, na kufuta kuwe ni jambo la mwisho, lenye idhini ya mteja iliyotolewa baada ya kuelezwa kwa lugha yake ni nini kitakachopotea. Wateja nao wakubali kuulipia muda huo, maana fundi anayelipwa kwa idadi ya mashine atafuta tu.

Na wewe msomaji, kama kompyuta yako inafunguka leo bila ya taabu, ingia katika mipangilio, uende upande wa akaunti, uisome anwani ya baruapepe iliyoandikwa pale. Ikiwa si yako, kwanza ihamishie mashine kwenye akaunti ya mashine tu, isiyohusiana na Microsoft, kisha iandikishe kwa anwani yako na kwa simu unayoishika mkononi, uipe PIN mpya, na uzichapishe zile tarakimu 48 ikiwa diski imesimbwa. Kazi hiyo haimalizi saa moja, na hufanywa na mtu aliye ndani ya mashine. Aliyekwisha fungiwa nje hawezi kuifanya.